Nyuma ya Plaiwudi

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, Blandina alifagia chumba cha klabu, akapanga viti sita, akachomeka simu sita kwenye chaji, kisha akaingia katika chumba chake kidogo nyuma ya ukuta wa plaiwudi na kuanza kazi. Klabu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya ghala la mchele, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu liitwalo Ngome Tano. Kwenye karatasi za ajira alikuwa mhudumu wa usafi.

Jambo hilo lilianza miaka sita nyuma. Siku ya nusu fainali Rabson, mchezaji aliyesajiliwa, aliamka na homa. Obeid, mwenye klabu, alikuwa amemwona Blandina akicheza wakati wa mapumziko ya mchana, akamwomba acheze mechi moja kwa jina la Rabson. Mechi za Ngome Tano zilichezwa kwa mtandao, kila timu ikiwa kwao, kwa hiyo haikuwa taabu. Rabson alikaa mbele ya kamera akitokwa jasho, ameshika simu iliyozimwa, na Blandina akacheza akiwa amechuchumaa nyuma ya kabati. Walishinda. Obeid alisema mpango huo uendelee mpaka msimu uishe. Msimu ulipoisha alinunua plaiwudi.

Katika miaka sita Rabson alitwaa makombe matatu. Hakuwa mtu mbaya. Kila baada ya fainali alimletea Blandina chipsi mayai, na alikuwa amejifunza kusogeza vidole gumba vizuri sana kwa kusikiliza vidole vya Blandina vikigonga kioo upande wa pili. Waandishi wa habari walisifia utulivu wake.

Jumatatu hiyo Blandina alisubiri wapinzani kwa dakika arobaini. Zamani walipatikana kabla hajameza mate. Watu walikuwa wamehamia Dhoruba, gemu jipya ambalo mechi yake iliisha kwa dakika sita na mchezaji aliyekufa alifufuka papo hapo. Mchana Obeid aliwakusanya wote, akasimama karibu na dirisha.

"Ligi ya Ngome Tano imefungwa," alisema. "Hakuna msimu mwingine. Kila mtu aangalie ustaarabu wake."

Wachezaji hawakubishana. Isaka alisema ana mjomba Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, na kwamba mwamba hautolewi toleo jipya kila mwaka. Frida alikuwa ameshapata meza ya kutengeneza simu karibu na soko. Rabson alikuwa ameitwa Iringa, ambako mfanyabiashara mmoja alikuwa anaunda timu ya Dhoruba na alitaka kocha mwenye uzoefu na makombe.

"Na mimi, bosi?" Blandina aliuliza kutoka mlangoni.

Obeid alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe nitakuandikia barua, dada. Nitasema hujawahi kuchelewa na sakafu ilikuwa safi."

Aliiandika hapo hapo, akagonga mhuri.

Saa kumi jioni, Blandina akiwa katika chumba anachopanga mtaa wa Mama John, mlango uligongwa. Nje alisimama Mlinda Daraja. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye deraya, vazi la chuma la buluu lililochubuka mabegani, na ngao yenye ukubwa wa mlango. Katika Ngome Tano kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja, na huyu ndiye aliyekuwa wa Blandina kwa miaka sita. Alikuwa na vumbi miguuni na kifurushi kidogo.

"Kumebaki watu wangapi kule?" Blandina aliuliza.

Mlinda Daraja alitikisa kichwa. Waliomtengeneza walimpa sentensi nne tu: Niko tayari. Nakuja. Nimeumia. Daraja limeshikwa. Alifikiri kidogo, akasema, "Niko tayari."

Blandina alimkaribisha, akamwekea maji ya kunawa na wali kwa maharage. Alikula sahani tatu. Kesho yake asubuhi walikwenda kwa mtendaji wa mtaa, kwa kuwa mgeni anayelala zaidi ya siku moja huandikishwa. Mtendaji aliuliza jina, akaandika. Aliuliza kabila, Blandina akasema hajui, mtendaji akaweka mstari. Aliuliza kazi.

"Mlinzi," Blandina alisema.

"Ana barua ya mwajiri?"

"Mwajiri amefunga."

"Siku hizi wako wengi hivyo," mtendaji alisema, akagonga mhuri.

Pale sokoni wabebaji wa viazi walimtaka siku hiyo hiyo. Alitembea mwenyewe, alikaa mwenyewe, alibeba gunia kwa mkono mmoja. Ila ngao hakuinua kwa amri ya mtu yeyote. Aliinua pale tu Blandina alipoviweka vidole gumba vyake viwili hewani, kama ameshika simu, na kuvisogeza. Hapo alipiga goti, akaisimika ngao mbele yake, na hakuna aliyeweza kupita. Kijana mmoja wa mkokoteni alijaribu, akazunguka.

Jumatano Rabson alikuja kuaga. Alimsalimu Mlinda Daraja kwa heshima, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kukunja kofia yake.

"Dada Blandina, nitawafundisha nini wale watoto?"

"Wafundishe unachojua."

"Ndiyo nakuuliza, dada. Najua nini?"

Blandina alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Kwa miaka sita alikuwa amengoja swali hilo, na sasa lilipofika lilikuwa limetoka kwa mtu asiyeweza kulijibu. Alisikia joto likipanda shingoni, akajua ni hasira, akashangaa kidogo kwamba imechukua muda mrefu hivyo.

"Twende wote," Rabson alisema. "Nitaongea na dada Riya, mwenye timu, tutatafuta sehemu. Kama zamani tu. Tusilete noma."

"Nitakwenda," Blandina alisema. "Lakini nitakwenda kuomba kazi hiyo kwa jina langu."

Rabson aliikunjua kofia yake, akaivaa. "Haya," alisema. "Mi sitakuzuia." Na kweli hakumzuia.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Blandina alipanda basi la asubuhi kwenda Iringa. Konda alimkatia Mlinda Daraja tiketi ya abiria na ngao tiketi ya mzigo, kisha akasema ngao ikae buti kwa sababu ya usalama. Mlinda Daraja aliangalia mashamba ya Igurusi, ya Makambako, ya Mafinga, uso wake ukiwa karibu na kioo. Blandina alikuwa na bahasha yenye cheti cha kidato cha nne na barua ya Obeid. Njiani aliisoma tena barua ile. Ilikuwa barua nzuri. Ilisema choo kilikuwa kinang'aa.

Riya alikuwa na duka la televisheni na majokofu Miomboni, mjini Iringa, aliloachiwa na baba yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani ya kusomea juu ya kichwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Aliwapa wageni chai. Rabson alikuwepo, amevaa fulana mpya yenye maandishi KOCHA RABSON, akaja kukaa karibu bila kuitwa.

"Kamwene," Riya aliwasalimu kwa Kihehe, maana alizaliwa pale pale Iringa.

"Kamwene, dada." Blandina aliweka bahasha mezani, kisha akaeleza. Alieleza homa ya Rabson, kabati, plaiwudi, makombe matatu. Hakupandisha sauti.

Riya alimgeukia Rabson. "Ni kweli?"

Rabson aliangalia kikombe chake. "Mwanzoni ilikuwa homa," alisema.

"Kumbukumbu za mechi zote zina jina lake," Riya alimwambia Blandina. "Una kitu gani?"

"Nina huyu."

Riya alimtazama Mlinda Daraja, ambaye alikuwa amesimama kati ya majokofu mawili na alikuwa mrefu kuliko yote mawili. Alimwomba Rabson ajaribu. Rabson aliinua mikono hewani na kusogeza vidole gumba. Alivisogeza kwa ustadi, kwa utulivu uleule uliosifiwa magazetini. Mlinda Daraja alimtazama kwa adabu. Mteja aliyekuja kuulizia pasi alisimama kungoja zamu yake.

Kisha Blandina akaweka kikombe chini na kuinua mikono. Mlinda Daraja alitoka kati ya majokofu, akafika mlangoni kwa hatua tatu, akapiga goti. Ngao iligusa sakafu na vioo vya televisheni vikatetemeka. "Daraja limeshikwa," alisema. Mteja wa pasi alitaka kutoka, ikamlazimu kusubiri. Nje watu wawili waliotaka kuingia waliegemea ukuta na kuendelea na maongezi yao.

"Nakuamini," Riya alisema. "Hata bila huyu ningekuamini. Nimekaa na Rabson wiki hii. Vijana wakimuuliza kitu anakwenda kunywa maji."

"Basi," Blandina alisema.

"Basi wadhamini wamenunua jina la mtu mwenye makombe matatu. Liko kwenye mkataba, liko kwenye jezi, limechorwa kwenye basi. Nikisema leo kwamba jina halikucheza, wadhamini wanaondoka kesho, na vijana wanane niliowatoa shule za ufundi wanarudi nyumbani." Alivua miwani kichwani, akaishika. "Sio haki, dada. Nalijua hilo. Lakini nina chumba nyuma ya ofisi, kina dirisha. Ungekaa pale, ungemwelekeza Rabson, na Rabson angewaelekeza vijana."

"Ukuta wake wa nini?"

"Tofali."

"Tofali sitamsikia," Rabson alisema, kisha akajutia kusema.

Blandina alilifikiria lile dirisha. Alilifikiria kwa uaminifu, kwa sababu hakuwahi kuwa na dirisha kazini, na alikuwa anaipenda kazi ile kuliko kitu kingine chochote alichowahi kufanya kwa mikono yake. Alijua angeweza kuwafundisha wale vijana wanane mpaka wakacheza hata wakiwa wamefumba macho. Alijua pia kwamba dirisha lile lingemfikisha umri wa miaka arobaini akiwa bado nyuma ya ukuta.

"Hapana," alisema. "Asante kwa chai."

Pale mlangoni Mlinda Daraja alisema, "Nimeumia." Hakuna aliyekuwa amemgusa. Riya aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa salamu za rambirambi, kisha akamhudumia mteja wa pasi.

Walilala kwa shangazi yake Blandina, Evarista, aliyekuwa akiuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu Ilula. Walikusudia kukaa siku mbili. Evarista aliumwa mgongo, msimu wa nyanya ulikuwa umechanganya, na Mlinda Daraja aliweza kushusha matenga manne kwa safari moja, kwa hiyo walikaa. Usharika wa Kilutheri ulimpokea vizuri. Mchungaji akiuliza nani atafagia kanisa Jumamosi, yeye hujibu, "Niko tayari," na ingawa kila mtu anajua kwamba ndiyo sentensi yake, jina lake huandikwa.

Blandina aliuza nyanya. Alijifunza kuzipanga kwenye ndoo ili kubwa zikae juu, akajifunza pia kuona aibu kwa hilo, kisha akaacha kuona. Asubuhi moja moja, magari yakiwa machache, vidole vyake gumba vilisogea vyenyewe juu ya aproni. Mlinda Daraja alipiga goti kando ya lami, akaisimika ngao, akalinda nyanya dhidi ya hakuna mtu. Evarista alimwambia mpwa wake, "Mwache mwenzio apumzike," na Blandina akakunja mikono.

Mwezi wa sita, saa nne asubuhi, basi dogo lilisimama mbele ya meza yao. Ubavuni lilikuwa na sura ya Rabson, kubwa, yenye utulivu. Ilikuwa timu ya Iringa inakwenda Dar es Salaam kwenye fainali za Dhoruba. Vijana walishuka kununua karanga. Rabson alishuka wa mwisho, akaja moja kwa moja. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia Evarista. Kisha, kwa Blandina, "Dada, habari za siku."

"Nzuri."

Alinunua ndoo ya nyanya ambayo hakuihitaji. Aliishika kifuani. "Wale wa Dar wanabana upande wa kushoto," alisema. "Kila mechi. Vijana wanasukuma, wanasukuma, wanakufa. Nawaambia wasukume zaidi. Sina kingine cha kuwaambia."

Nyuma yake alisimama msichana mmoja wa timu, Eveline, miaka kumi na minane hivi, kiganja chake kimejaa karanga ambazo hakuzila. Hakumtazama Rabson. Alikuwa anamtazama Blandina mikononi.

Blandina angeweza kunyamaza. Kwa miezi minne hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu zaidi ya bei, na swali lilikuwa zuri.

"Msisukume," Blandina alisema. "Waachieni kushoto waingie wote. Wakishaingia, mmoja wenu azunguke afunge mlango nyuma yao. Mmoja tu anatosha, kama hana haraka."

Alikuwa amesema akimtazama Eveline. Msichana aliitikia kwa kichwa, mara moja. Rabson aliandika maneno yale kwenye simu yake, neno kwa neno, akashukuru, akapanda basi na ndoo yake. Mlinda Daraja alisema, "Nakuja," lakini alibaki pale alipo, na basi likaondoka kuelekea Kitonga.

Jumapili baada ya ibada, redio ya jirani ilitangaza kwamba Iringa wamechukua kombe. Walimpa Rabson kipaza sauti. Alisema kwa utulivu kwamba siri ilikuwa kuwaachia kushoto waingie wote, kisha mmoja afunge mlango nyuma yao, mmoja tu, kama hana haraka. Mtangazaji alisema hilo ndilo linaloitwa uzoefu. Eveline hakuhojiwa.

"Huyu si yule kijana wa nyanya?" Evarista aliuliza. "Unamfahamu vizuri?"

"Nimefanya naye kazi Mbeya," Blandina alisema.

"Anaongea vizuri."

"Ndiyo, shangazi. Anaongea vizuri."

Lori la Songea lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, na dereva alikuwa anapiga kelele kuuliza vitunguu. Mlinda Daraja alikwishaanza kuvuka na gunia begani. Blandina alijifuta mikono kwenye aproni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akamfuata.