Namba ya Mzazi

Simu ya baba iliita tukiwa kaburini. Shangazi Vestina alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga yake. Padri akinyunyiza maji ya baraka, shangazi akaifungua, akaitazama kama mtu aliyepewa kaa la moto, akaikata.

"Nani huyo anayemtafuta marehemu?" alininong'oneza.

Ikaita tena. Akaizima kabisa.

Naandika haya kwa sababu mambo ya wiki ile yameanza kuchanganyika kichwani mwangu, nami sitaki yapotee.

Baba alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Buganguzi. Mdogo wangu Edvina alikuwa Bukoba, akisomea umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi. Alipanga chumba Kashai pamoja na mwanafunzi mwenzake, Sumaiya. Kwetu mtoto aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa mtu anaumwa, aje. Kazi hiyo aliifanya shangazi.

"Baba yako anaumwa kidogo. Njoo umwone."

"Mpe simu niongee naye."

"Amelala."

Edvina akaenda kuomba ruhusa kwa Mwalimu Restituta, mlezi wa wanafunzi. Kesho yake ulikuwa mtihani wa vitendo. Mwalimu akamwuliza kama mzee anaumwa sana. Edvina akajibu alivyoambiwa: kidogo, ila amelala, hapewi simu, naye ametakiwa aende. Basi fanya kwanza mtihani, mwalimu akasema, ndipo uende.

Edvina alirudi Kashai, akafungua daftari, akalifunga. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Mchana akapanda gari la Muleba bila kumuaga mtu. Aliniambia baadaye kwamba alijua kabla hajafika nyumbani, maana kote alikopita migombani hakuona mtu aliyeshika jembe, na kwetu penye msiba hakuna anayelima.

Tulipokwisha kuzika tukakaa ndani, juu ya majani yaliyotandazwa sakafuni, tukisubiri siku ya kuondoa matanga. Wenzangu waliweza kukaa. Mimi nilitoka kuangalia moto, nikarudi, nikatoka kuangalia ndizi zilizokwisha kumenywa, nikarudi. Kisha Sumaiya akampigia Edvina. Chuo kilikuwa kimemhesabu mtoro wa mtihani, na kamati ya nidhamu ingekaa kesho yake. Mtoro wa mtihani anafukuzwa.

"Nipe simu ya baba," nikamwambia shangazi. "Tunakwenda Bukoba."

"Majani bado yako ndani, ninyi mnakimbilia mjini? Watu watasema nini?"

"Watasema tumekwenda chuo. Baba ndiye aliyempeleka."

"Marehemu hana haraka, Renatha."

"Chuo kina haraka, shangazi."

Alifungua pindo. "Chukua. Tangu juzi inanichoma."

Ndani ya gari Edvina alitazama nje njia nzima. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Ofisini tulimkuta mkuu wa chuo, mzee wa miwani mizito aitwaye Mwalimu Lwakatare, pamoja na Mwalimu Restituta na kijana mmoja, Muksini, aliyewasemea wanafunzi. Edvina alieleza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuacha kitu.

"Uliomba ruhusa, ukakataliwa, ukaondoka," mkuu akasema. "Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Muksini akainua mkono. "Mkuu, mwongozo tuliopewa siku ya kwanza unasema mwanafunzi aage. Pia unasema asipoonekana, chuo kimtafute mzazi wake kabla ya kumwita mtoro."

"Tulimtafuta," Mwalimu Restituta akadakia. "Nilipiga mwenyewe. Mzazi akakata. Nikapiga tena, akazima. Nikasema, kumbe wanajua walichofanya."

Niliitoa simu ya baba nikaiweka mezani.

"Aliyekata ni shangazi yetu," nikasema. "Tulikuwa tunamzika mwenye simu."

Mwalimu Restituta aliitazama ile simu, akaondoa mikono yake mezani.

Mkuu akavua miwani. "Mwalimu, wewe kwenu ni wapi vile?"

"Kamachumu, mkuu."

"Mtu wa Kamachumu, mwenye desturi hizi hizi, anaambiwa baba wa mtu anaumwa kidogo, na binti aje mara moja, na mgonjwa hawezi kushika simu. Hukushtuka?"

"Mkuu, mimi kila wiki naletewa baba anayeumwa kidogo! Anaumwa Ijumaa, Jumatatu amepona. Wengine wamezika bibi mmoja mara mbili."

Muksini akacheka, akajizuia. Hata Edvina midomo ilimtikisika.

"Na wewe binti," mkuu akamgeukia. "Ulipofika ukakuta msiba. Mbona hukutupigia? Neno moja tu."

"Nilisahau kama kuna chuo, mwalimu."

Mkuu akatikisa kichwa polepole. Walitutoa nje. Nilizunguka ule uwanja mpaka Edvina akaniambia, "Dada, kaa, unanitia kizunguzungu." Nikakaa. Nikainuka.

Walipotuita, mkuu alisema kwa kifupi. Edvina si mtoro. Atafanya mtihani pamoja na wanaorudia, lakini ataandika maelezo ya kuondoka bila kuaga, na onyo litabaki kwenye jalada lake.

"Mtihani ni haki yako, hatuwezi kukunyima kwa sababu ya msiba," alisema. "Lakini sisi tunabeba jina lako hapa. Ukipotea, tunapotea nawe. Na sisi tungeweza kumtuma hata Sumaiya atuulizie. Hatukumtuma." Akavaa miwani. "Sasa, namba ya mzazi. Hii hatuwezi kuendelea nayo. Yuko mwanamume nyumbani?"

"Mama alishatangulia. Yuko kaka yetu Clavery, Mwanza," nikajibu.

"Andikeni ya dada," Edvina akasema. "Kaka hapokei simu."

Niliitaja. Mwalimu Restituta aliifuta ya baba kwa mstari mmoja, akaandika yangu juu yake. Kisha akachukua simu yake, akabonyeza.

"Niihakiki," alisema, bila kunitazama.

Yangu ikaita ndani ya mkoba. Niliishika, kidole kikaelekea kwenye kukata. Tulikuwa chumba kimoja, kuna haja gani?

"Pokea, dada," Edvina akasema.

Nikapokea.

"Haloo," akasema Mwalimu Restituta, ng'ambo ya meza, macho yake sasa kwangu. "Naongea na mzazi wa Edvina?"

Ile simu ya baba ilikuwa bado pale mezani, imezimwa.

"Ndiyo, waitu," nikasema, kwa neno la heshima la kwetu. "Ni mimi."