Simu Yangu Mbele ya Mkwe

Hakuna anayetunza siri duniani kama mimi. Ndiyo maana naiandika hapa, muisome wote.

Pampu ya maji ya shule ilitoweka, na mtu wa mwisho kuigusa alikuwa fundi bomba, yule mgane mwenye mabega mapana. Polisi wakamshuku. Meseji zake alikuwa keshazifuta zote, mwanamume wa heshima yule, zikabaki zilizo kwenye simu yangu. Nikaitwa kituoni. Na aliyepewa kazi ya kuzisoma ni nani? Askari aliyemuoa binti yangu! Jamani, meseji zenyewe hazina pampu hata moja. Zina "mpenzi", zina "kipusa wangu", na zina mengine ambayo mkwe akiyasoma, mmoja wetu itabidi ahame nchi.

"Shikamoo, mama," akasema, macho mezani. "Naomba ufungue simu. Asiye na la kuficha ana hofu gani?"

"Marahaba, baba. Mbona choo chenu kina komeo? Mnaficha nini humo?"

Mwenzake akacheka hadi chai ikamtoka puani.

"Tunataka za fundi tu, mama."

"Leo za fundi. Kesho akikaa hapo askari mwingine, asiye mkwe wangu, asiye na haya?"

"Lakini na wezi nao wanajificha nyuma ya komeo hilo hilo, mama."

Hapo alisema kweli. Nikamnyooshea vidole vyangu, vilivyolainika kwa kufua nguo za watu. "Simu haivitambui hivi. Inafunguka kwa kidole cha mjukuu wangu, yule aliye ng'ambo."

Ndipo simu ya mezani ikalia. Mkwe akasikiliza, akajifuta uso.

"Pampu imeonekana. Mwalimu mkuu aliificha stoo isiibiwe, akasahau."

Nilishusha pumzi, karatasi zake zikapeperuka. Na yeye alishusha yake, nilimwona. Akanisindikiza hadi mlangoni akitabasamu kama mtu aliyefutiwa mtihani.

Nje nikakaa kwenye benchi, nikavua ndala, nikabandika simu kwenye dole gumba la mguu, ambalo halijawahi kufua nguo ya mtu. Ikafunguka. Nikaandika: "Mpenzi, tumepona."

"Mama, umesahau mwavu..."

Mkwe alikuwa nyuma yangu. Akautazama mguu, akaitazama simu.

"Kumbe ng'ambo penyewe ni ndani ya ndala?"