Vifaranga wa Wodi ya Njiti

Mama Stoo alipitisha mikono kwenye matundu ya sanduku la kioo, akageuza mayai moja baada ya jingine: upande wenye alama ya msalaba ukaenda chini, wenye duara ukaja juu. Akatazama kipimajoto, akaongeza maji kwenye kisahani ili hewa ya ndani isikauke, akafunga matundu.

Sanduku lilikaa chumbani kwake, ubavuni mwa kitanda. Mumewe, mtunza stoo wa hospitali, ndiye aliyelileta. Lilikuwa la kulazia watoto njiti, wale wanaowahi kuja duniani kabla ya siku zao, na hospitali ilikuwa imelitoa kwenye wodi pamoja na magodoro mabovu.

"Joto ni joto," mumewe alisema wakati akiunga nyaya. "Yai halijui limelala wapi."

Umeme ulikuwa wa kukatika kila mara. Ukikatika, mumewe aliwasha jenereta uani, akalinywesha dizeli kutoka kwenye madumu yaliyopangwa nyuma ya kabati la vyombo, na mayai hayakuonja baridi. Majirani walipopapasa viberiti gizani, walisema mwenzao kaolewa kwenye neema. Madumu yalitoka wapi, Mama Stoo hakuwahi kuuliza. Asiyeuliza halali macho.

Siku ya kutotoa ilipofika, vilio vilianza magamba yakiwa bado mazima. Hilo ni la kawaida, kifaranga hulia angali ndani ya yai. Ila hawa walilia kama watoto wachanga, kile kilio chembamba cha mtoto ambaye pumzi haimtoshi. Mama Stoo alijua kwamba mfuniko haufunguliwi wakati wa kutotoa, maana unyevu ukitoka kifaranga hugandamana na gamba. Basi hakufungua. Alipanda kitandani na miguu yake yote, kama mtu aliyeona nyoka sakafuni, akangoja.

Walitoka salama. Walikuwa vifaranga wa manjano, wenye miguu miwili na mdomo mmoja, na manyoya yao yalikauka vizuri. Walisimama kwenye kioo wakalia, "Ngaa, ngaa."

"Mafua hayo," alisema mumewe aliporudi kutoka kazini. Akaomba chakula.

Asubuhi yake alibisha hodi mwanamke muuza nyanya. Alikuwa akipita njia na beseni lake kichwani, nguo yake ikalowa maziwa kifuani, akajua.

"Samahani, dada. Nimemsikia mwanangu."

"Karibu," alisema Mama Stoo, kwa kuwa hakuona neno jingine la kusema.

Mwanamke alitua beseni, akavua viatu mlangoni. Akasimama mbele ya sanduku, sikio upande, kama anayetafuta mlio wa simu yake kwenye mkoba. Kisha akaingiza mkono akamtoa mmoja.

"Huyu hapa. Kule wodi ya njiti alikuwa anakwama hivi hivi katikati ya kilio." Akamtia kifuani. Kifaranga akanyamaza.

"Alifariki lini?" aliuliza Mama Stoo.

"Alasiri ile ya mvua kubwa. Umeme ulikatika, masanduku yakapoa. Sista alikimbilia jenereta, akakuta pipa la dizeli kavu kabisa. Baadaye tuliambiwa ni upungufu wa uzito." Alisema bila hasira, kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. "Asante kwa kunitunzia."

Mama Stoo aliikumbuka alasiri ile. Jenereta lao lilinguruma uani mpaka jioni, naye alimaliza kupiga pasi nguo zote za wiki. Akakaa chini.

Wengine walifuata. Alikuja mwalimu, akaja mke na mume walioshikana mikono, akaja msichana aliyeletwa na mama yake. Kila mmoja alisikiliza, akamtambua wake, akamchukua. Walipopita uani waliliona jenereta. Walipopita sebuleni waliyaona madumu. Walishukuru, wakaenda zao. Kushukuru huko ndiko kulikomtisha kuliko kama wangemtukana.

"Mama zao wamekuja kuwachukua," alimwambia mumewe.

"Wote?"

"Kabaki mmoja."

"Basi tutaweka mayai mengine," alisema, akageuza tonge mchuzini.

Aliyebaki hakujiwa na mtu. Alilia mchana kutwa, na Mama Stoo alianza kumwonea huruma, mpaka binti yao alipofika na sanduku la nguo na tumbo lake kubwa, amekuja kusubiri kujifungua kwa mama yake. Kifaranga alimkimbilia, akampanda mguuni, akalia kwa nguvu mpya.

"Mama, mbona huyu ananiita?"

"Ana njaa tu," alisema Mama Stoo. Akaenda jikoni kumtafutia punje.

Kesho yake alimfuata sista wa wodi ya njiti, akamkuta akikunja vishuka vidogo.

"Sista, pipa la jenereta lina dizeli?"

"Asubuhi lilikuwa nayo. Mchana, sijui."

"Mnamjua anayeichukua?"

Sista alikunja kishuka kingine. "Mama, hapa hata paka wa jikoni anajua. Mganga mkuu naye ana dumu lake. Aliyetangulia kusema alihamishwa siku hiyohiyo." Kisha akauliza kwa upole, "Yule wa sanduku la dirishani, alichukuliwa na mama yake? Hakupenda kulala chali."

"Alichukuliwa," alisema Mama Stoo.

Uchungu ulimshika binti kabla ya siku zake, asubuhi yenye mawingu mazito. Hospitali nyingine ilikuwa mbali, na barabara yake ilikuwa imekatwa na maji. Wakaenda ileile, kifaranga akiwa ndani ya kikapu cha nguo za mtoto, akilia njia nzima. Walipofika mlangoni mvua ikaanguka, taa zikazimika, na jenereta la hospitali likaanza kunguruma.

Mama Stoo hakuingia chumba cha kujifungulia. Alizunguka nyuma ya jengo, akalipanda pipa la dizeli, akalikalia kama kuku anayeatamia.

Mumewe alikuja na dumu na mpira wa kunyonyea dizeli. Alimtazama bila kushangaa.

"Unafanya nini hapo juu?"

"Binti yako yumo ndani."

"Najua. Nimemwona."

"Basi subiri."

Akasubiri. Alisimama chini ya ukingo wa bati, dumu miguuni, kama mtu aliye kwenye foleni ya maji. Hakumgombeza. Mara moja tu alimuuliza kama amepata chai. Kila Mama Stoo alipojisogeza, dizeli ilichezacheza ndani ya pipa.

Hatimaye sista alichungulia dirishani. "Hongera, bibi. Mdogo, lakini ana pumzi zake. Hahitaji sanduku, analala kifuani kwa mama yake." Kisha akaongeza, "Na yule wa kikapuni analia kikuku sasa. Tumempa chenga za mchele."

Mama Stoo alifunika uso, akalia kidogo, akapangusa machozi. Kupitia dirisha lile aliyaona masanduku ya kioo, taa zake zinawaka, na ndani yake watoto wa watu. Ubavuni mwao walikaa mama zao, viganja juu ya kioo.

"Umemaliza?" aliuliza mumewe.

Aliangalia masanduku. Aliangalia dumu. 

"Nimemaliza," alisema.

Mumewe akampa mkono ili asiteleze wakati wa kushuka. Akainama, akafungua kifuniko, akatumbukiza mpira. Mama Stoo alimpisha, akaenda kumwona mjukuu wake.