Kigari cha Mama Mkwe

Nilikuwa bwana shamba kwa kazi, lakini kwa moyo nilikuwa mwendesha pikipiki. Kutoka nyumbani kwangu Buhembe mpaka Izigo nilijua kila shimo. Kwenye kona ya kushukia Kemondo niliilaza pikipiki mpaka goti likakaribia kokoto, na wanawake waliokuwa wakianika kahawa waliacha kazi kunitazama. Nilipenda sana kutazamwa, sikatai.

Mwaka 1970 ofisi ikanikabidhi pikipiki ya magurudumu matatu, yenye kigari cha abiria upande wa kushoto. Ilikuwa ya kupelekea miche na dawa katika kijiji kipya cha ujamaa kule Kimwani. Niliitazama nikakunja uso. Fundi Muharami wa pale mjini, aliyetengeneza pikipiki za namna hiyo tangu enzi za Waingereza, aliona nilivyonuna.

"Bwana Ildefons, hii hailali," akasema. "Kona unaikata kwa usukani, kwa nguvu za mikono. Na kigari kikiwa kitupu, kona ya kushoto kitanyanyuka. Tia gunia la mchanga ndani, zunguka nalo uwanjani wiki mbili, mwili wako usahau ile ya zamani."

"Mimi nikatembeze mchanga?" nikamjibu. Watu wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Aliyeifurahia ni mke wangu Joviana, aliyekuwa mjamzito wa miezi minane. Mama yake, Kokushubila, aliishi Izigo, na hakuwahi kufika kwetu kwa pikipiki. Kwetu Wahaya, mama mkwe na mkwewe hawagusani, hata kutazamana usoni ni shida. Angekaaje nyuma yangu na kunikumbatia kiuno njia nzima? Lakini kwenye kigari angekaa peke yake, na heshima zake zote.

"Nikijifungua utamleta mama," Joviana akaniambia. "Umeshajifunza hiyo yako?"

"Nitajifunza."

Sikujifunza. Mwezi mzima ilikaa ukutani kwa jiko, imefunikwa turubai, kuku wakitaga ndani ya kigari. Miche niliituma Kimwani kwa lori, na mimi niliendelea kutamba na pikipiki yangu ya zamani, niliyoinunua kwa fedha yangu mwenyewe.

Joviana alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya tatu homa ikampanda, tukampeleka hospitali mjini. Asubuhi ya Jumapili alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. Hakuomba dawa wala maji.

"Niletee mama," akasema.

Jumapili hakukuwa na basi. Nilikimbia nyumbani. Ile ya zamani ilikuwa mlangoni, tangi limejaa, lakini sikuifikiria hata kidogo. Nilikuwa naenda kumchukua mkwe. Nikavuta turubai, nikawafukuza kuku, nikaondoka na ile ya magurudumu matatu.

Kwenye barabara iliyonyooka ilinivuta kushoto, nikapambana nayo, nikaongeza mwendo. Nikafika kona yangu ya Kemondo, ya kushoto, nikapinda kiuno kama nilivyozoea, nikisubiri ilale. Haikulala. Nikakata usukani, kigari kikanyanyuka, nikashikwa na hofu nikaurudisha kulia. Pikipiki ikavuka barabara ikaingia mtaroni. Gurudumu la mbele lilipinda kabisa.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima, na afadhali lingevunjika.

Nilikwenda kwa miguu mpaka Izigo. Kokushubila alikuwa kibanjani, kwenye migomba, akikata majani makavu. Nilisimama mbali, uso pembeni, nikamwambia. Aliweka kisu chini, akajitanda khanga, akatangulia njiani bila kuuliza kitu. Tulitembea hivyo, yeye mbele, mimi nyuma hatua ishirini, mpaka karibu na Kanazi, lori la kahawa likatuchukua.

Tulifika hospitali saa kumi na moja jioni. Joviana alikuwa amefariki saa tisa. Muuguzi alituambia kwamba hadi mwisho alikuwa akiangalia mlango.

Siku ya kumaliza matanga, Kokushubila aliniita. Alikuwa chumbani na mjukuu wake, mlango umerudishwa nusu, nami nikakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, upande wa pili wa mlango.

"Ile pikipiki yako ya zamani," akasema, "siku ile ilikuwa mbovu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa nzima."

"Mafuta je?"

"Yalikuwemo."

Niliomba moyoni anitukane, anilaani kama akitaka, kwa sababu hilo ningejua la kufanya nalo. Badala yake aliniita taata, jina tunalowaita watoto wa kiume tunaowapenda.

"Ungekuja nayo, taata," akasema. "Ningepanda. Ningekushika kiuno mbele ya Izigo nzima, nikamwone mwanangu."

Mtoto akaanza kulia, bibi yake akambembeleza kwa sauti ya chini. Miaka sita nilikuwa mkwewe, na sikuwahi kumuuliza kama angepanda.