Asidi Aliyoistaafisha Emilian

"Mimi asidi nimeshaistaafisha," Emilian aliwaambia waliokuwa karibu naye gulioni Ikungi, kikombe cha maziwa mabichi mkononi, povu limemkaa juu ya mdomo kama sharubu la kuazima. "Hili tumbo hata ukilitilia misumari, linaitoa imenyooka."

Idrissa, mshenga wake, alikunywa kutoka ndoo ileile, tena vikombe viwili, akajifuta kwa mkono. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Posa ilikuwa Jumapili.

Habari ya kustaafisha ilianza mwaka juzi kule Misigiri. Kiungulia kilimshika Emilian kifua kikawaka, daktari akamwandikia vidonge vya kupunguza asidi vya wiki mbili, akamwambia zikiisha arudi apimwe. Wiki mbili ziliisha, Emilian akabaki. Mwenye duka la dawa alimzoea kama mteja wa vocha: viwili asubuhi, viwili jioni, katikati chipsi na pilipili kichaa, na hakuna kinachoungua. Nani arudi kwa daktari wakati anakula raha?

Aliyemkamata ni Severina, mchumba wake, muuguzi wa zahanati. Alikuta karatasi za vidonge mfukoni mwa koti, akazipanga mezani bila kupaza sauti.

"Emi, hiyo asidi unayoitukana ndiyo mlinzi wako wa getini. Vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, yeye ndiye anayevimaliza. Wewe umemlaza mwaka mzima na nusu. Siku ukila kitu kichafu, wenzako watapona, wewe kitapita mpaka sebuleni."

"Kwa hiyo niungue?"

"Uende ukapimwe ujue kinachokuunguza, wakupangie namna ya kuacha taratibu. Mimi sitagombana na kidonge. Ila ukinidanganya kwenye hili, usimtume mshenga kwetu."

Baada ya mwezi Emilian akampigia simu. Amekwenda, amepimwa, ameacha, tumbo safi kama sahani ya mgeni. Ukweli, hakufika hata nusu ya njia ya hospitali. Severina akafurahi, mshenga akatumwa.

Sasa, kwa ukoo wa Mzee Stefano, baba yake Severina, mposaji hukalishwa kwenye kigoda katikati ya baba mkwe na mdogo wake, magoti yakigusana na ya wazee. Haongei; mshenga ndiye mdomo wake. Na hanyanyuki mpaka binti aitwe aulizwe. Akinyanyuka kabla, amebatilisha posa, achukue mbuzi wake aende.

Emilian aliisikia sheria hiyo akacheka. Kukaa tu, nani asiyeweza kukaa?

Alikaa. Wazee wakaanza kuuliza ukoo, maana lazima ijulikane kama vijana hawa si ndugu. Idrissa akataja babu, Mzee Stefano akataka baba wa babu, mdogo wake akakumbuka mtu wa jina hilo aliyehamia Mitundu na kuoa wawili, na ikabidi wafuatwe wote na watoto wao. Walipofika kwa mke wa pili, tumbo la Emilian likasema kitu. Halikunong'ona. Mdogo wa mzee alitazama dirishani akidhani ni pikipiki.

Emilian akabana. Jasho likamshuka mgongoni, likakutana na mkanda, likatafuta njia. Kulia goti la mzee, kushoto goti la mzee, mbele Idrissa wa vikombe viwili, anang'aa kama aliyetoka ubatizo wa mtu mwingine. Akimnong'oneza Idrissa kwamba anaumwa, Severina atauliza anaumwa nini. Akinyanyuka, posa imekwisha. Akikaa, kigoda cha watu kitaharibika. Akahesabu mabati ya dari, akayarudia kuanzia mwisho. Huko Mitundu watoto wa mke wa pili walikuwa bado wanazaliwa.

Mtoto wa sita alipozaliwa, Emilian akapita katikati ya magoti ya wazee, akatoka mbio.

Chooni alikaa muda ambao hatausimulia. Alipotoka, alijificha nyuma ya ukuta wa makuti, akachomoa karatasi ya vidonge kwenye soksi. Akilini mwake mhalifu alikuwa mmoja tu: asidi imerudi kazini bila ruhusa. Akatupa viwili mdomoni, akavisukuma kwa mate.

Ndani walikuwa wanamngoja. Idrissa alikuwa ameshika kofia yake magotini kama mtu anayeaga.

"Kijana," Mzee Stefano alisema, "hili jibu mwenyewe: umebatilisha?"

"Hapana, baba. Nilisikia mbuzi amekata kamba. Nikaona nikimwacha apotee, nitakuwa nimewadharau."

Wazee wakatazamana. Mdogo wa mzee akaanza kutikisa kichwa polepole, kwa kupenda. "Huyu anaijali mifugo. Tumwitie binti."

Severina akaingia, akapiga magoti pembeni ya bibi yake, Bibi Dorika, aliyeingia nyuma yake na ungo wa maboga. Akaulizwa kama anamfahamu mtu huyu. Alimtazama midomo iliyokauka na macho yaliyoingia ndani. Muuguzi ni muuguzi.

"Namfahamu. Nimuulize moja. Emi, vile vidonge?"

"Tangu Pasaka sijagusa hata kimoja," Emilian alisema, mkono kifuani. "Naapa mbele ya wazee."

Bibi Dorika akaweka ungo chini.

"Mume wangu," alimwambia Emilian kwa upole, kama bibi anavyomtania mume wa mjukuu, "mimi nilikuwa nakata maboga pale nyuma ya choo. Mbuzi sikumwona. Nimekuona wewe unatoa vidonge kwenye soksi. Vilikuwa viwili, au macho yangu yamezeeka?"