Nchi Kavu Haiulizwi

Mvua zikianza, boti zote za kukodi pale gatini hufunikwa maturubai, na wenye boti hugeuka wacheza karata. Ni moja tu isiyofunikwa. Hiyo ni ya mke na mume: mke nahodha, mume fundi. Walipoanza kazi watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, maana walizoea kuona mwanamume akienda na mwanamke akibaki. Siku hizi hawacheki tena. Wanamwita yeye Nahodha na mumewe Fundi, hata wanapowaalika harusini.

Boti ile iliweza kutoka msimu wa mvua kwa sababu ya kanuni moja waliyoirithi kwa baba yake Nahodha. Ng'ambo ya ghuba kuna kilima, na chini ya kilima kuna ufukwe mdogo mweupe ambao wageni hukodi boti nzima ili wauone wakiwa peke yao. Tatizo ni kwamba dhoruba hutokea nyuma ya kilima hicho hicho. Aliye ufukweni haioni mpaka iwe imeshamkalia kichwani. Aliye upande wa gati, juu ya paa la ofisi, huiona inapoanza kuchungulia. Basi Nahodha akitoka, Fundi hupanda paani na redio ya mawasiliano na darubini. Akiona wingu limekaa vibaya, husema neno moja tu: "Rudi." Na Nahodha hurudi. Haulizi kwa nini, habishani, wala hasubiri mgeni amalize kuogelea.

Mzee mwenyewe, enzi za uhai wake, siku moja aliuliza. Redio ikiwa bado mdomoni, anasema "kwa nini," upepo ukamjibu. Alirudi nyumbani amekumbatia sanduku la barafu, boti imebaki mwambani. Tangu hapo akawafundisha wanawe: nchi kavu haiulizwi.

Asubuhi moja alipokuja mgeni, Fundi alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini anasafisha plagi. Akasikia mkewe anacheka. Vicheko vya mkewe alivijua vyote: cha kuwaridhisha wageni, cha kumdhihaki mdogo wake, na kile kidogo cha puani anachokitoa usingizi ukimjia. Hiki hakukijua. Kilitoka tumboni, kikakatika, kikaanza upya.

"Twiga," Nahodha alikuwa anasema. "Bado unaendelea kurefuka tu?"

"Niliacha. Niligonga dari."

Fundi akainua kichwa. Aliona viatu kwanza, kisha suruali, kisha suruali ikaendelea, na mwisho kabisa akafika kwenye miwani ya jua. Miwani ya jua, na jua lenyewe halijachomoza vizuri.

"Mume wangu, huyu tulisoma naye chuo cha ubaharia," Nahodha alisema. "Yuko kwenye meli kubwa sasa. Yuko likizo, anataka boti nzima, siku nzima."

"Peke yake?" Fundi aliuliza.

"Peke yangu," Twiga akajibu. "Msimu huu bahari haina kelele za watu. Darasani alikuwa anatusimulia ufukwe wenu mpaka mwalimu anakasirika. Nikasema kabla sijafa nikauone." Akanyoosha mkono. "Kumbe ndiye wewe mwenye bahati."

Fundi alitamani yule bwana autazame ule mkono wenye grisi na kusitasita, apate kumchukia vizuri. Lakini Twiga aliushika, akautikisa, wala hakujifuta. Hilo likamuuma zaidi.

Walipopanda botini, Twiga aliinama ili kichwa kisiguse turubai la kivuli. Fundi alilifunga turubai lile kwa mikono yake mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuinama chini yake.

Boti ikaondoka. Fundi akapanda ngazi mpaka paani, akaketi juu ya ndoo, akaiweka darubini machoni. Punde si punde Shemeji akamfuata na vikombe viwili vya chai. Shemeji ndiye mdogo wake Nahodha, ndiye anayepokea wageni ofisini, na mdomo wake hauna breki.

"Kunywa chai, Shemeji. Rangi ya uso wako siipendi."

"Uso wangu una nini?"

"Unajua huyo alibakiza hapa tu," akamwonyesha ncha ya kidole, "awe shemeji yangu?"

Fundi hakuitoa darubini machoni. "Sijui. Niambie."

"Alikuja nyumbani mara mbili tatu. Baba alimpenda. Ila akasema akioa hapa itabidi tuvunje mlango tuuongeze urefu."

"Kwa hiyo mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mlango."

"Mimi sijasema hivyo, Shemeji. Mlango ndio umesema."

Fundi akacheka kidogo, maana shemeji asiyechekewa huzidisha. Lakini ndani ya darubini aliona jambo lililomkausha kicheko. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, na kwenye usukani alikuwa Twiga. Yeye Fundi hajawahi kupewa usukani ule. Kila akiomba, mkewe humwambia, "Mikono yako ni ya injini, mume wangu," na yeye amekuwa akilichukua neno hilo kama sifa.

Akabonyeza redio. "Nahodha, hali?"

"Hali shwari, Fundi."

"Nani ameshika usukani?"

Redio ikakwaruza. "Fundi, unatazama kilima au unanitazama mimi?"

Shemeji alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hiyo darubini itatoboka, nakwambia."

Walifika ufukweni, wakateremka. Wageni wengine hukimbilia maji. Huyu aliketi mchangani, akaokota kijiti, akaanza kuchora. Nahodha akachuchumaa karibu. Alikuwa anauliza jambo, Twiga anachora zaidi, anaonyesha hapa, anaonyesha pale. Alichora nini? Nyumba? Mwanamume hamchorei mke wa mtu kitu mchangani siku nzima bila sababu. Fundi aliihisi damu ikimpanda masikioni. Akatazama kilima: kimetakata, kimetulia, hakina hata ukungu. Akatazama mkewe: amecheka tena.

Lile neno likamjia ulimini. Lilikuwa jepesi, lingetoka lenyewe. Na mkewe angesimama pale pale, angekung'uta mchanga, angerudi. Asingeuliza. Kidole chake kikagusa kitufe cha redio.

"Usithubutu," Shemeji akasema. Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Ukimrudisha leo kwa wivu, siku nyingine ukisema rudi, atauliza kwa nini. Baba aliuliza mara moja tu."

"Nani ana wivu?"

"Mimi. Mimi ndiye mwenye wivu, naona mpaka chai yangu imeganda." Akakusanya vikombe, akashuka.

Fundi akabaki na aibu yake. Akajiapiza kwamba leo hatasema rudi kwa pupa. Atalisema akiwa na hakika, hakika ile ya kuweza kumtazama Shemeji usoni. Na kwa kuwa alijiapiza hivyo, ndipo alipokosea.

Wingu lilipotokea lilikuwa dogo, la kijivu, limekaa begani mwa kilima kama ndege aliyechoka. Siku nyingine yoyote angelisema neno kabla wingu halijavuta pumzi. Lakini alikuwa akilitaka wingu hilo tangu asubuhi. Alikuwa amelitafuta, amelibembeleza, karibu aliombee dua. Sasa lipo, na hakuweza kuyaamini macho yake. Labda ni moshi wa mtu anayechoma majani. Labda ni ukungu tu, na wivu ndio unaoutia rangi.

Akainua darubini ili alichunguze. Darubini ikaenda ufukweni yenyewe. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya Twiga, ameweka mkono begani kwake, anasema naye polepole. Ilibidi aunyooshe mkono juu ili alifikie bega lile. Twiga alikuwa ameinamisha kichwa.

Fundi aliganda. Akatazama mkono ule, na bega lile, na mkono ule tena. Aliporudisha macho kilimani, ndege aliyechoka amekuwa ukuta.

Hata hapo akangoja. Je, nikisema sasa, si atajua nimeuona mkono? Atasema nimemrudisha kwa hilo. Upepo ukageuka, maturubai ya boti nyingine yakaanza kupigapiga chini ya gati, na wacheza karata wakasimama.

"Shemeji," sauti ikatoka chini, "wingu lote hilo hulioni?"

"Rudi," Fundi akasema kwenye redio. "Nahodha, rudi. Rudi."

"Narudi," mkewe akajibu. Hakuongeza neno.

Mvua iliwakuta katikati ya ghuba. Ilishuka kama pazia, na nyuma ya pazia hapakuonekana boti, wala kilima, wala mwamba ambao mlango wake wa kupitia boti ni mwembamba hata siku ya jua. Fundi alitazama kwa darubini akaona maji tu. Akaitupa, akashuka ngazi, akakimbia mpaka mwisho wa gati. Pale pana nguzo ya chuma ya kufungia kamba. Akatoa spana kubwa mfukoni, akaanza kuipiga nguzo, mkewe apate kusikia nyumbani ni wapi. Aligonga, akatega sikio, akagonga. Alikuwa anazijua zile injini kama mzazi anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ya kushoto ilisikika. Ya kulia ilikohoa, ikanyamaza, na moyo wake ukanyamaza nayo. Kisha ikawaka.

Boti ikachomoza kutoka kwenye mvua, turubai limechanika nusu. Nahodha alikuwa usukanini, nywele zimemganda usoni. Twiga alikuwa anachota maji kwa kifuniko cha sanduku la barafu, miwani haipo. Yeye ndiye aliyerusha kamba.

"Bwana," alimwambia Fundi huku meno yakigongana, "mimi naendesha meli yenye lifti. Hilo alilofanya mkeo mwambani nisingeliweza." Akamshika mkono tena, akaaga, akaenda zake na mvua, ameinama.

Ofisini Shemeji aliwapa taulo, akawatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatoka bila kusema neno.

Nahodha alikausha nywele taratibu. "Ulichelewa."

"Nilichelewa."

"Lilitokea wapi?"

Angeweza kusema lilizuka ghafla. Mawingu huzuka ghafla, na nani angebisha? Fundi alitazama dimbwi lililokuwa likikua chini ya miguu ya mkewe.

"Begani mwa kilima. Nililiona likiwa dogo."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nataka kusema rudi tangu asubuhi, mke wangu. Wingu lilipokuja, nikashindwa kujua kama nimeliona au nimelitamani."

Nahodha akalishusha taulo. "Alikuwa ananichorea meli. Daraja la kuongozea liko wapi, vyumba viko wapi. Wanatafuta afisa wa zamu. Anataka niende."

"Na ule mkono begani?"

"Umeuona na huo."

"Darubini ni nzuri."

"Nilikuwa namkatalia," alisema. "Mtu mwema humkatalii kwa kumpa mgongo. Nilimwambia meli yao ina rada na mitambo yote, lakini mimi nimezoea kuwa na mtu nchi kavu. Nikamwambia yupo mmoja, akisema rudi, hata siulizi." Akalikunja taulo mara mbili, likawa dogo. "Wakati nakusifia, ulikuwa umenyamaza."

Fundi akainuka. Akachukua sindano na uzi mnene, akaenda kushona turubai, na alilishona mpaka kila mshono ukawa kama umepigwa na mashine.

Wiki hiyo ilipita mdomo wa Nahodha ukiwa na maneno ya kazi tu. Kisha wakaja wageni, mke na mume wazee waliotaka kuuona ufukwe kabla mvua haijarudi. Fundi alijaza mafuta, akakagua plagi, akasimama mlangoni mwa ofisi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Redio ilikuwa mkononi mwa mkewe. Shemeji alikuwa pale pale, na angeweza kupewa yeye.

Nahodha akampa Fundi.

Fundi akageuka kuichukua darubini msumarini. Haikuwepo. Mkanda wake ulikuwa shingoni mwa mkewe.

"Hii nakwenda nayo mimi."

"Sasa nitaonaje?"

"Kilima kile ni kikubwa, mume wangu. Kinaonekana kwa macho."

Alipanda paani, akaketi juu ya ndoo. Boti ikawa ndogo, ikawa nukta, hakujua nani anacheka wala nani ameshika nini. Akakitazama kilima. Redio ikakwaruza.

"Fundi."

"Naam, Nahodha."

"Nakuona. Sogea katikati, ukingo wa paa unateleza."

Akasogea, masikio yakimwaka moto. Asubuhi ilienda hivyo. Kabla ya adhuhuri kitu cha kijivu kikakaa begani mwa kilima, kidogo sana, hata wacheza karata wasingekigeukia. Fundi hakungoja.

"Rudi."

Redio ikawa kimya. Zamani hapakuwa na ukimya mahali pale. Jibu lilikuwa likifuata neno kama kivuli. Sasa palikuwa na nafasi, ya pumzi moja au mbili, na swali lingeweza kukaa humo. Fundi aliibana redio kwa mikono yote miwili, macho hayatoki kilimani.

"Narudi," mkewe akasema.