Kiwiko cha Bwana Naja

La, mpya wapi! Nani kakudanganya kuwa ilikuwa mpya? Ile kompyuta ilikuwa ya kuungaunga, tumbo la hii, kichwa cha ile. Feni yake ilitoka kwenye friji bovu. Ubavu mmoja ulishapotea, fundi akaufunika kwa mfuniko wa bati la biskuti, yale mabati makubwa ya mraba, umechorwa farasi. Ukiiwasha inakohoa mara mbili, ndipo inaanza. Ilikaa chumbani kwa Mshonaji, kati ya cherehani na meza ya kukatia vitambaa, na binti yake alikuwa anafanyia kazi za shule.

Mumewe Mshonaji walimwita Bwana Naja. Ukimwita chakula anajibu "naja!" halafu haji. Mpaka apigilie msumari huu, mpaka anawe na kunawa tena. Na nyumba ile hakuna aliyegusa sahani kabla yeye hajakaa. Chakula chao walikila kimepoa miaka yote, wakazoea, ukiwapa cha moto wanaungua.

Sasa, Bwana Naja alikuwa anafanya kazi kiwanda cha maboksi, na alifia kwenye mashine ya kukatia. Kiwanda kikaleta barua. Barua ilisema marehemu aliifungua mwenyewe kinga ya mashine, kwa uzembe wake. Mama yake mzazi aliposomewa neno hilo akaacha kukaa wakati wa kula. Anakula wima, mlangoni, bakuli mkononi. Ukimwambia akae anakuuliza, "Mama wa mzembe akae wapi?" Miezi minne hiyo. Miguu ikamvimba kama mihogo, na hakukaa.

Mshonaji alitaka kitu kimoja tu: lile neno lifutwe, mama mkwe wake akae.

Alichokuwa nacho ni video. Siku ileile aliyokufa, muda mfupi kabla, wafanyakazi walikuwa wanamuaga mtunza stoo anastaafu, na mmoja wao akapiga video kwa simu. Dakika moja na nusu. Katikati yuko mtunza stoo na maua yake, watu wanaimba kila mtu na sauti yake, na pembeni kabisa, kushoto, kuna kiwiko. Kiwiko tu. Mshonaji alikijua kwa mshono wa shati, maana alilishona yeye. Basi kila jioni akimaliza kazi anaketi kutazama kiwiko. Nacho kwenye ile kompyuta kilikuwa kinakwamakwama, kinaganda, kinaruka.

Akamwita fundi aliyeiunga.

"Shemeji, hii haina chombo chake cha kuchorea picha," fundi akasema. "Inaazima kumbukumbu kwa mwenzake. Chungu kimoja, vijiko viwili. Fungu la picha nililiweka thelathini na mbili. Sasa nakuwekea sitini na nne."

"Hakuna zaidi?"

"Zipo, mpaka mia tano na kumi na mbili. Ila wewe usipite hapa. Ikishachukua hairudishi."

"Inachukua kwa nani?"

"Kwa kilichopo," fundi akasema, akaanza kukusanya bisibisi zake. Lakini alikuwa amemwonyesha: ikikohoa mara ya pili unabonyeza kitufe cha juu, unatokea ukurasa wa bluu, unabadilisha namba.

Video ikatembea kama maji. Na kiwiko kikapata mkono wa juu. Picha ilikuwa imepanuka upande wa kushoto, kiasi cha kiganja hivi, ikaonyesha kile ambacho simu haikukipiga.

Asubuhi meza ya kukatia ikagoma kusogea, imebanwa. Mshonaji akachukua futi yake ya kupimia wateja, akapima chumba. Kilikuwa inchi mia na ishirini toka ukuta mpaka ukuta. Sasa kilikuwa mia na kumi na mbili.

"Mama, ukuta umesogea," akamwambia mama mkwe.

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Basi toa lile kabati. Nilikwambia tangu zamani limekaa vibaya."

Wakalitoa. Mshonaji akarudi kwenye sare za shule, zilikuwa zinamngoja pindo.

Kesho yake akaweka mia na ishirini na nane. Likaja bega, likaja sikio, kikaja kisogo chenye kovu lake. Chumba kikabaki inchi tisini na sita. Wiki iliyofuata akaweka mia mbili hamsini na sita, na hapo akatokea msimamizi wa kiwanda, uso mzima, spana mkononi. Anafungua kinga ya mashine. Anaiegemeza ukutani. Anaonyesha kidole ndani, kuna karatasi imekwama. Bwana Naja anatikisa kichwa. Msimamizi anaonyesha tena. Bwana Naja anatikisa tena. Msimamizi anatazama saa. Nyuma wanamwimbia mtunza stoo. Video inaisha.

Mshonaji akaitazama mara tatu, akazima, akapima. Sabini na mbili. Meza ya kukatia ikahamia nje, barazani. Wateja wakawa wanaingia mmoja mmoja kujaribu nguo. Mmoja mnene akamwambia, "Dada, chumba chako kinanibana kuliko gauni."

"Gauni naweza kuliongeza," Mshonaji akasema, pini mdomoni.

Kwa fundi, kwenye kompyuta nyingine, video ileile ilionyesha kiwiko tu. Fundi akakuna kichwa. "Inaonekana kwa hii tu, shemeji. Na nilikwambia usipite."

"Nimeuona uso, fundi."

"Haya. Nitakusaidia kubeba."

Wakaifunga kwa shuka, wakaipeleka kiwandani, yeye, fundi na binti. Ofisa anayeandika barua akawapokea vizuri, akasogeza makabrasha, akawapa soketi. Kompyuta ikakohoa mara mbili. Alitazama mpaka mwisho, mkono shavuni. Ukuta wa kushoto wa ofisi ulipofika kwenye kabati la mafaili, kabati likaanza kulia, akapaza sauti aje mtu kulisogeza. Aliyekuja ni msimamizi. Akatazama kioo cha kompyuta, akajiona anafungua kinga.

"Huyo ni mimi," akasema. "Bosi, kabati tuliweke wapi?"

"Karibu na dirisha."

Wakashikana wakalisogeza, fundi akawasaidia kwa nyuma, maana lilikuwa zito. Msimamizi akajipangusa vumbi, akampa Mshonaji pole ya msiba, akarudi kazini.

"Nimeona, mama," ofisa akasema. "Sikatai kwamba nimeona. Lakini mashine hii imechezewa. Tazama ubavu huu, ni bati la biskuti. Nikiandika kwamba ushahidi umetoka kwenye bati la biskuti, mimi nitaonekanaje?"

"Farasi hajafungua kinga," binti akasema.

"Nyamaza, mwanangu," mama yake akamwambia, taratibu.

"Barua inabaki kama ilivyo," ofisa akasema. "Na ofisi yangu mmenipunguzia. Hilo nalo sitaliandika popote, mjue nimewastahi."

Wakaifunga kwa shuka lao, wakarudi. Njiani fundi akasema shingo inamuuma.

Nyumbani bibi, mama yake Bwana Naja, alikuwa amepika viazi na maharage, amesimama mlangoni pake kama kawaida. Alizitazama nyuso zao, akajua.

"Namba ilifika wapi?" akauliza baadaye.

"Mia mbili hamsini na sita."

"Na mwisho wake?"

"Mia tano na kumi na mbili."

"Sasa hiyo iliyobaki unamwekea nani?"

"Tutakaa wapi, bibi?" binti akasema.

"Tutabanana."

Mshonaji akaitoa cherehani barazani, akaifunika nailoni. Akawasha. Ilipokohoa mara ya pili akabonyeza, akaweka namba ya mwisho. Ukuta ukaja polepole, bila kelele, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Fundi akavuta miguu. Chumba kilibaki inchi arobaini na nane, na picha ilikuwa imefika mpaka kona ya mwisho ya kiwanda, pale kwenye makreti yaliyopinduliwa ambapo wafanyakazi walikuwa wanakaa kula.

Dakika moja na nusu ikaisha, na video haikusimama. Bwana Naja akaingia upande huu wa mashine. Mashine ikalia mara moja, kama ilivyolia ilipomuua. Mtunza stoo akageuza kichwa, maua mkononi. Kisha Bwana Naja akatoka upande wa pili, mikono yake yote miwili ipo, anaifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Alichukua muda, kama alivyo. Midomo yake ikacheza.

"Kasema nini?" bibi akauliza. Macho yake hayakuwa mazuri tena.

"Kasema anakuja," binti akajibu.

Wakangoja. Viazi vikapoa. Barua ilikuwa pale juu ya kompyuta, na lile neno lilikuwa ndani yake palepale lilipokuwa. Bwana Naja akanawa, akanawa tena, akalifuata kreti la kona, akakaa. Akafungua kopo lake la chakula, akainamisha kichwa.

Bibi akaweka bakuli chini. Mlangoni hapakuwa na pa kusimama tena, ukuta ulishakula nusu ya kizingiti, lakini si kwa sababu hiyo. Akajishusha mkekani, mkono mmoja begani kwa mke wa mwanawe, mwingine ukutani, na miguu yake ile akainyoosha pale ilipoenea.

"Haya, sogeeni," akasema. "Fundi, na wewe kaa. Ameshakaa."

Wakakaa wote kwa mstari mmoja, magoti yanagusa ukuta, wakala.